Uzi wa Tatu

Julai ya Lubumbashi haibembelezi mtu.
Jua likishazama nyuma ya bomba la moshi
jioni inakuja na meno yake,
ndiyo maana ngazi za saruji zimejaa makoti,
kofia za sufu, blanketi moja la watu watatu,
na mama muuza karanga anapita katikati ya magoti yetu
akiapa kwamba za kwake bado zina moto.

Kilufya ndiye aliyeniburuta. Ana miaka kumi na sita
na sharti moja tu kwa leo: "Baba, usicheze."
Nimeahidi. Nimekalia gazeti la juzi,
upande wenye bei ya shaba.

Wakatoka wanne. Hawana sare, hawana wanenguaji,
hawakumtaja tajiri hata mmoja.
Kapya, msichana wa ngoma, amevaa ovaroli ya mgodini
iliyokatwa mikono.
Monga wa besi anatazama viatu vyake
kama mtu aliyeangusha sarafu.
Na Nshindi, mwembamba, gitaa limemfunika nusu,
akasogelea kipaza sauti, akasema, "Mmekuja."
Basi. Kama mtu aliyepika chungu kizima
bila kutegemea mgeni.

Kisha wakapiga.
Nieleze vipi? Mimi nililelewa na gitaa linalocheka,
linaloshika wimbo kiunoni mpaka alfajiri.
Hili lilikwaruza. Lilikuwa na kutu.
Bati linaburutwa juu ya lami,
na chini ya bati kuna mtu ananong'ona
Katuba, Katuba,
kama anayemwamsha mtoto asimwamshe mwenziwe.
Vumbi likapanda kwenye mwanga wa taa, jekundu,
likakataa kushuka.

"Ule wa tatu umechoka," nikasema, kwa hewa tu.

Wimbo wa nne, ukakatika.

Hakuwa na gitaa la akiba.
Akachuchumaa, akapekua mifuko,
akampa mtu wa mstari wa mbele simu amulike,
na sisi, watu kama mia tatu, tukanyamaza
kama ndugu nje ya chumba cha upasuaji.
Vidole vyangu vikajua kila hatua.
Pitisha tundu. Kunja. Zungusha, usiharakishe.
Uzi mpya ni mwongo,
unashuka kila ukiupa mgongo.

Sijawahi kumwambia Kilufya kwamba nilikuwa nalo langu,
la rangi ya asali, na ufa karibu na shingo,
na kwamba mwaka aliozaliwa
lilitoka mlangoni kwetu begani mwa mtu mwingine,
nami nikarudi na mifuko kumi na minne ya saruji.
Ni chumba chake kile.
Msinihurumie. Siku ile nilihesabu mifuko mara mbili
kwa kuipenda tu.

Hapo treni ya mizigo, huko nyuma ya mijakaranda,
ikapiga honi ikielekea Likasi.
Ndefu. Nzito. Ya ng'ombe aliyemeza kengele.
Monga akainua uso mara ya kwanza usiku ule,
akaisaka ile sauti kwa kidole, akaikosa,
akateleza juu kidogo,
akaipata,
akaishikilia hata treni ilipokwisha kupita.
Kapya akaingia kwa viganja, fimbo ziko chini.
Nshindi, uzi ukiwa bado unalegea,
akaimba mbali na kipaza sauti, akiwa amechuchumaa vilevile,
na mama wa karanga akatua beseni lake.

Nikashtuka goti langu linadunda.
Kilufya akaliona. Akaweka kiganja juu yake.
Nilidhani ananizuia,
lakini kiganja kilikuwa kinapanda na kushuka nalo.

Njiani, karibu na moshi wa wachoma nyama, akasimama.
"Baba. Ulijuaje kwamba ni wa tatu?"

Nikanunua michopo ya franka elfu tano,
nikaomba pilipili, nikaomba nyingine,
ili mdomo uwe na kazi.